Mgonjwa amekakamaa na hasemi: namna ya kuitambua katatonia

Katatonia ni hali ya mtu kukakamaa, kunyamaza au kujongea isivyo kawaida. Huku kwetu Mtwara mgonjwa wake mara nyingi huletwa kwa bodaboda, kapakiwa mshikaki, hasemi wala hali. Ndugu wameshapita kwa mganga. Msiwabeze; waulizeni alinyweshwa nini.

1. Mwili kwanza. Pima joto, presha, mapigo ya moyo, sukari, na malaria kwa kipimo cha haraka. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo na kifafa vyote huweza kuleta hali hii. Akiwa na homa na presha inayoyumba, ni dharura: rufaa hospitali ya Ligula leo hii.

2. Historia. Kwa familia nyingi za Kimakonde, mtafute mjomba. “Shikamoo mjomba. Alianza lini kunyamaza? Kabla ya hapo alikuwa na huzuni, au alikesha akiongea? Amechomwa sindano yoyote?”

3. Mchunguze kwa mikono. Hapa ndipo wengi wetu tunakimbia. Ongea naye huku ukijikuna kichwa kwa madoido: je, anakuiga? Uweke mkono wake juu, uachie: unabaki hapo hapo? Ukiukunja, unakunjika polepole kama nta? Kisha mnyooshee mkono wako huku ukimwambia, “Usinipe mkono.” Mwenye katatonia anaweza kubaki katikati, mkono haufiki wala haurudi. Na usidanganyike, wapo pia wanaohangaika bila kutulia na kurudia maneno yako.

4. Hesabu dalili. Katika kipimo cha Bush na Francis cha 1996, mbili kati ya 14 za mwanzo zinatosha kushuku. Mwongozo wa Marekani, DSM-5 wa 2013, unataka tatu kati ya 12.

5. Ipange. Kahlbaum, daktari wa akili Mjerumani, aliielezea mwaka 1874 kama ugonjwa unaojitegemea. Kraepelin, Mjerumani mwenzake, akaiingiza katika kundi lililokuja kuitwa skizofrenia, na mpaka leo mafaili yetu yanaandikwa hivyo kwa mazoea. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022, inauliza chanzo: ugonjwa mwingine wa akili (sonona na baipola zimo), dawa au kilevi, au maradhi ya mwili. Andika chanzo. Kama hujakijua, andika kwamba hakijajulikana.

6. Jaribio la dawa. Daktari akiagiza, mpe lorazepamu, dawa ya kutuliza, miligramu 1 hadi 2. Akilegea na kuanza kusema ndani ya dakika chache, utambuzi unapata nguvu. Asipobadilika, bado huwezi kuifuta katatonia. Pasipo lorazepamu kuna diazepamu, ya jamii hiyo hiyo, ila linda pumzi yake. Haloperidoli, dawa ya wazimu, iache kwanza, inaweza kumzidishia. Wakati mnasubiri gari, mpimeni maji mwilini na mguseni mashavu ya miguu, maana asiyejongea huganda damu.