Kabla hujalipia PS3 ya mtumba, hesabu matundu ya USB

Mdogo wangu alirudi nyumbani na PS3 nene ya GB 80. Muuzaji alimwapia kwamba inapiga mpaka gemu za PS2. Tukaingiza CD ya PS2, mashine ikagoma. Hela imeshakwenda. Tangu siku ile, mtu akiniomba nimsindikize dukani, GB siziangalii kabisa. GB ni ukubwa wa diski ya ndani tu, na diski yenyewe hubadilishwa kwa bisibisi.

Tazama mashine kwa mbele. Matundu ya USB yakiwa manne, ndiyo yenyewe. Yakiwa mawili, na wewe unataka PS2, iache, hata kama inang'aa. Kisha soma kibandiko: namba inaanza na CECH, halafu herufi. A na B, za mwaka 2006, zina chipu zote mbili za PS2, ya kuendesha gemu na ya picha. C na E, za 2007, zimebaki na ile ya picha; kazi ya nyenzake inafanywa na programu, kwa hiyo gemu nyingi zinacheza lakini nyingine zinakwama. Kuanzia G, PS2 hakuna. Na K na L ziliuzwa kwa GB 80, sawa na E. Hapo ndipo watu wanapolizwa. Zile nyembamba usihangaike nazo, ingawa CD za PS1 zinasoma zote.

Sasa CD zenyewe. Gemu za PS3 karibu zote hazichagui nchi, ila za PS2 zinachagua: mashine ya Marekani inataka CD ya Marekani, CD ya PAL (toleo la Ulaya) itaikataa. Na zile tulizozoea kuchomewa mtaani, zenye mgongo wa zambarau, haizisomi. Original ya DVD mgongo wake ni wa fedha, ya CD ni wa buluu. Nenda dukani na CD yako original ya PS2 mkononi.

Ikikubali, kabla hujacheza tengeneza memori kadi ya ndani ya PS2 kwenye menyu ya gemu, uipangie nafasi ya kwanza. Usipofanya hivyo, ukizima umepoteza kila ulichofikia.

Mashine hizi za mwanzo zinachemka sana. Mwombe muuzaji uicheze hapo hapo saa nzima, feni ukiisikiliza. Ikimulika taa ya njano, ikazima na kuanza kupepesa nyekundu, mrudishie.