Somo: Kuku wa tajini wa Kimoroko, wa limao la chumvi na zeituni

Haya wapendwa, mlioomba kuku wa Kimoroko somo ndo hili, kaeni mkao wa kula. Ni yule kuku anayepikwa polepole kwenye chungu cha udongo chenye kifuniko kilichochongoka kama kawa, na hicho chungu ndo kinaitwa tajini, chakula nacho kimechukua jina hilohilo.

Niseme mapema kabisa: huu sio mchuzi wetu wa kuku. Hamna nyanya, hamna karoti, hamna tui, hamna kiungo cha paketi. Na vitunguu havikaangwi mpaka viwe brauni, ukishafanya hivyo umetoka Moroko umerudi Tandika. Huyu kuku anasimama kwa mambo mawili tu, moto mdogo unaoyeyusha vitunguu mpaka visionekane, na limao lililolala kwenye chumvi. Mengine yote unaweza kubadilisha kidogo, hayo mawili hapana.

Kule tajini za kuku ziko nyingi, wengine wanaweka plamu kavu na lozi, wengine viazi, wengine dengu. Hii ya leo wenyewe wanaiita mqalli, ya rangi ya njano, ni chakula cha wageni na cha harusi.

LIMAO KWANZA

Naanza na limao maana ndo linachukua muda. Tafuta malimao (sio ndimu) madogo yenye ganda jembamba. Yaoshe, yakaushe kabisa, kila moja lipasue mara nne kuanzia juu ila usifike chini, libaki limeshikana. Jaza chumvi ya mawe humo ndani, kama kijiko kimoja cha chakula kwa kila limao, usione huruma. Shindilia kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa ikakauka, bana kwa nguvu mpaka yatoe maji. Kesho yake shindilia tena kisha kamulia malimao mengine juu yake mpaka yote yazame, linaloelea juu ndo linaota ukungu. Funga, weka pasipo na jua, wiki 4, ukipita pita unaigeuza chupa. Likiiva utaliona, ganda linang'aa na limelainika hadi linakatika kwa ukucha, ule uchungu umeisha na harufu imekuwa nyingine kabisa.

Na watu wa pwani msione ni jambo geni hili. Ibn Battuta, yule msafiri mzaliwa wa Tangier huko Moroko, mwaka 1331 alipita Mogadishu kabla hajashuka Mombasa na Kilwa, akaandika chakula alichokaribishwa, wali wa samli na pembeni vikolezo, na mojawapo ni malimao ya kutiwa chumvi. Nadhani alijisikia yuko kwao.

Kama unapika wikiendi hii na huna wiki 4, kata malimao 2 vipande vyembamba, toa mbegu, chemsha na kikombe cha maji na kijiko kimoja na nusu cha chumvi, moto mdogo dakika kama 25 mpaka ganda lilainike na maji yabaki kidogo. Haifikii ile ya chupa lakini chakula kitapikika.

MAHITAJI

Kuku 1 mzima wa kama kilo 1 na nusu, mkate vipande 8, ngozi iache jamani, na maini yake weka pembeni. Vitunguu maji vikubwa 3. Vitunguu swaumu punje 4. Tangawizi ya unga kijiko 1 cha chai, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai. Zafarani, nyuzi kama 20. Kotmiri fungu moja na parsley kidogo kama unapata, usipopata ongeza kotmiri. Mafuta ya zeituni vijiko 4 vya chakula na samli kijiko 1 (wao wanatumia smen, samli yao iliyochachushwa, ina harufu kali hiyo sio mchezo, samli yetu ya Kiarabu inatosha). Zeituni kikombe kimoja, za kijani au zile za zambarau, zile nyeusi za kopo zilizotobolewa achana nazo, hazina ladha. Limao la chumvi 1.

Chumvi sijaiandika makusudi. Limao lina chumvi, zeituni zina chumvi, kwa hiyo mwanzoni weka robo kijiko cha chai tu halafu utaonja mwisho.

KUMLAZA KUKU

Osha kuku kwa chumvi na limao kama tunavyofanya siku zote, suuza, mkaushe maji. Zafarani isage na chembe ya chumvi kwenye kinu kidogo au kwa mgongo wa kijiko, mimina maji ya moto vijiko 3, iache itoe rangi. Sasa changanya swaumu iliyotwangwa, tangawizi, manjano, pilipili manga, nusu ya ile zafarani, nusu ya mafuta, na nyama ya ndani ya limao la chumvi (ile laini, toa mbegu, ganda tunza). Mpake kuku kote mpaka chini ya ngozi. Alale kwenye friji masaa 2 au usiku mzima, ukiweza usiku mzima ni bora zaidi maana hii tangawizi ya unga inahitaji muda kuingia.

MOTO

Vitunguu viwili vikwangue kwa grata, kimoja kikate vidogo vidogo. Kwenye sufuria nzito weka mafuta yaliyobaki, samli, vitunguu vyote na kuku na viungo vyake, vyote kwa pamoja kwenye sufuria ya baridi, ndo uwashe moto. Mdogo. Funika, kila baada ya dakika chache mgeuze kuku mpaka abadilike rangi pande zote, kama dakika 15 hivi. Hapo utashangaa maji yametoka wapi wakati hujaweka hata tone, ni ya vitunguu na kuku mwenyewe.

Ndo unaongeza kikombe kimoja cha maji ya moto, tumbukiza kotmiri na parsley vikiwa vimefungwa kwa uzi ili uvitoe baadae, tumbukiza na maini. Funika kifuniko kinachobana. Moto uwe wa kuchokoza tu, unafunua unaona povu moja huku lingine kule, ikichemka kwa fujo kuku anakakamaa halafu anachambuka nje. Wa kisasa dakika 40 zinamtosha, wa kienyeji saa moja na nusu mpaka masaa 2, jogoo mzee hesabu zaidi na uangalie maji yasikauke.

Wa mkaa mna bahati kuliko wenye gesi, maana Moroko kwenyewe tajini inakaa juu ya jiko dogo la udongo la mkaa. Punguza makaa, yaliyobaki yafunike na jivu, chungu juu yake, nenda kafanye kazi zako.

KUMALIZIA, hapa ndo wengi wanakimbia

Kuku akishalainika mtoe. Usimwache humo ukaanza kukausha rojo naye yumo, atakuwa uji. Mpange kwenye trei, mpake lile rojo kidogo na tone la zafarani, ingiza oveni yenye moto wa juu dakika 10 ngozi iwe ya dhahabu. Huna oveni mpitishe kwenye kikaango chenye samli kidogo, upande wa ngozi tu.

Huku kwenye sufuria toa lile fungu la majani, toa maini uyaponde kwa uma mpaka yawe laini, yarudishe. Ongeza zafarani iliyobaki, funua, ongeza moto wa kati, koroga. Mwanzoni ni mapovu madogo mengi yana kelele, baada ya dakika 10 au 15 yanapungua yanakuwa makubwa mazito yanapasuka moja moja, mafuta yanajitenga pembeni yana rangi ya njano iliyoiva. Pitisha kijiko katikati, ukiona chini ya sufuria kidogo kabla rojo halijarudi kujifunga basi limefika. Kitunguu hata kimoja usikione. Hilo rojo zito wanaliita daghmira na mgeni wa Kimoroko anakupima kwa hilo, sio kwa kuku.

Zeituni zichemshe pembeni dakika 2 umwage maji, chumvi ipungue. Ganda la limao lisuuze, nusu katakata ndogo ndogo uchanganye kwenye rojo, nusu kata vipande virefu vya kupamba. Tia zeituni, rudisha kuku, dakika 5 moto mdogo. Onja chumvi sasa.

Unakula na mkate, unamega unachovya. Sinia moja katikati, kila mtu anakula upande wake, na nyama inaachwa mpaka mwisho, heshima hiyo hata kwetu ipo. Mkate wa mofa au wa ajemi unaendana nayo vizuri sana, bofulo pia sawa.

MASWALI YA WADAU

Swali (Mombasa): Dada shukran kwa somo. Mimi niko na achari ya ndimu ya mama, ile ya jua, naeza tumia badala ya hio limau ya chupa?

Jibu: Kama ni ndimu na chumvi tupu unaweza, ila ndimu ni kali na ina uchungu kuliko limao, tumia nusu ya kipimo na uiroweke kwenye maji kama dakika 20 kwanza. Kama ina pilipili na haradali, kula na biriani yako mpenzi, humu itaua zafarani yote.

Swali: Nina chungu chenyewe cha tajini nimeletewa zawadi, nimekiweka kwenye gesi kikapiga kelele pwaa, kimepasuka. Nakosea wapi?

Jibu: Pole shoga. Cha udongo kikiwa kipya unakiloweka maji usiku mzima, unakikausha, unakipaka mafuta ndani, unakiingiza kwenye oveni ya baridi ndo uwashe moto mdogo kama masaa 2, kisha uzime kipoe humohumo. Kwenye gesi lazima uweke bamba la chuma katikati, moto usikiguse. Na maji ya baridi usimwage kwenye chungu cha moto, ndo maana nimesema maji ya moto hapo juu. Usihuzunike sana, hata kwao siku za kazi watu wengi wanapikia presha kuka.

Swali: Basi kwa presha kuka ni muda gani?

Jibu: Wa kienyeji dakika 25 mpaka 30 toka ianze kutoa mvuke, wa kisasa 12 tu. Maji punguza nusu. Kukausha rojo ni palepale, funua na usubiri, presha haikusaidii hapo.

Swali (Muscat): Huku kwetu tunayo malimau makavu meusi, loomi, tunatia kwenye mchuzi. Yanafaa?

Jibu: Matamu kwa kazi yake, ila humu hapana. Yanatoa uchachu wenye uchungu na yanatia rojo weusi, na sisi tunataka njano. Halafu uko Muscat bibie, ingia dukani utafute limao la chumvi la chupa, usijisumbue.

Swali: Zafarani bei imesimama, na nasikia wanauza feki. Naijuaje?

Jibu: Tia nyuzi mbili tatu kwenye maji ya uvuguvugu. Ya kweli inatoa njano taratibu na uzi unabaki mwekundu, feki inamwaga rangi hapohapo na uzi unabaki mweupe. Kule Moroko inalimwa Taliouine, ukipata mtu anatoka huko mwagize. Ukikosa kabisa ongeza manjano kidogo, robo kijiko basi, ikizidi inakuwa dawa.

Swali: Ras el hanout mbona hujaweka? Kila video naona wanaweka.

Jibu: Huo ni mchanganyiko wa viungo vingi vya Kimoroko, na video nyingi zinauweka kwa sababu jina linauza. Hii ya limao hauhitaji, tangawizi na zafarani zinataka kusikika. Huo weka kwenye nyama na matunda makavu.

Swali: Mzee wangu hali zeituni kabisa, anasema chungu.

Jibu: Ziache. Weka dengu zilizochemshwa zikaiva, kikombe kimoja, mwisho kabisa. Itakuwa tajini nyingine lakini ni ya hukohuko.

Swali: Mimi bachela, naweza kula na wali?

Jibu: Kaka kula, nani atakukataza, ila wali uwe mweupe mkavu, usitie nazi. Watu wanadhani tajini ni lazima na kuskusi (zile punje ndogo za ngano zinazopikwa kwa mvuke), wakati kuskusi kule ni chakula chake chenyewe, cha Ijumaa.

Swali: Kiporo kinakaa?

Jibu: Siku 3 kwenye friji, na kesho yake ni kitamu kuliko leo. Pasha kwa moto mdogo na vijiko viwili vya maji, zeituni zitoe kwanza uzirudishe mwisho zisizidi kutoa chumvi.