Somo: Dawa ya kigegezi cha safari humezwa kabla chombo hakijang'oa nanga

Ndugu zangu, upepo wa kusi ukishashika, kuanzia Juni hivi, asubuhi zangu kazini hubadilika. Mimi ni mfamasia, na duka ninalofanyia kazi haliko mbali na bandari ya Unguja. Watu huja mbio, tiketi mkononi: "Nipe dawa ya kutapika, boti inaondoka!" Huniuma, kwa sababu saa ile dawa imeshachelewa. Nayajua hayo mwilini mwangu. Nilipokuwa msichana, nikitoka Pemba kuja skuli Unguja, kidonge nilikimeza chombo kimeshaanza kupanda na kushuka. Hakikukaa tumboni hata robo saa, na nilifika nikiwa nashikwa mkono kama mgonjwa.

Basi nimeandika somo hili tulifuate hatua kwa hatua, kisha nitajibu maswali yenu.

Hatua ya 1: Jua kinachokuchafua ni nini

Ndani ya sikio kuna vijifereji vyenye maji vinavyoupa ubongo habari za mwendo. Ukiwa ndani ya boti, sikio linasema tunayumba, macho yaliyo kwenye simu yanasema tumetulia. Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, kigegezi kinaanza: miayo, mate mengi, jasho la baridi, kisha matapishi. Kikishaanza, tumbo nalo hupunguza kazi yake, kidonge hukaa mle bila kuingia damuni. Ndiyo maana nasisitiza kabla.

Lakini si kila anayetapika safarini amechafuliwa na safari. Mtoto mwenye homa, au mtu anayeendelea kutapika siku ya pili baada ya kufika, apelekwe kupima malaria na maradhi mengine. Usimfunike kwa dawa ya safari.

Hatua ya 2: Nunua dawa inayohusika

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Ukisema "dawa ya kutapika" tu, unaweza kupewa metoklopramaidi, ambayo wengi huiita Plasil. Ni dawa halali kwa kutapika kwa aina nyingine, ila kwa kigegezi cha safari haisaidii kitu, na kwa watoto na vijana inaweza kukaza misuli ya shingo na kupindua macho hadi familia ikadhani ni shetani. Buscopan nayo ni ya msokoto wa tumbo. Jina lake la kitaalamu linaanza na haiosini, sawa na dawa fulani ya safari, lakini ni dawa ya muundo tofauti, isiyofika kwenye ubongo.

Zinazohusika ni kama promethazini (Phenergan), sinarizini (Stugeron), saiklizini na dimenhidrineti. Ukifika dukani sema hivi: "Nataka dawa ya kuzuia kuchafukwa na safari, nina miaka kadhaa, natumia dawa kadhaa." Sentensi hiyo moja inatusaidia kuliko mnavyodhani.

Dawa hizi nyingi ni ukoo mmoja na dawa za mzio. Dimenhidrineti ilijulikana hivyo hivyo: kule Baltimore, Marekani, mwanamke mmoja aliyepewa kwa ajili ya vipele vya mzio aliona kwamba tramu haimchafui tena. Madaktari wake, Gay na Carliner, wakaijaribu kwa wanajeshi waliokuwa melini, wakachapisha matokeo mwaka 1949. Nalisimulia hili kwa sababu ukoo huo una maana kwako. Ukiwa umeshameza Piriton kwa mafua, ukaongeza promethazini kwa safari, umejipa dawa za aina moja mara mbili. Usingizi utakaokushika si wa kawaida.

Hatua ya 3: Jipime wewe kwanza

Mwambie muuzaji wa dawa kama una presha ya macho, tezi dume iliyovimba, kifafa, ugonjwa wa ini, pumu kali, ujauzito au unanyonyesha. Taja pia dawa za usingizi, za maumivu makali, za msongo wa mawazo. Pombe usiiguse siku hiyo kabisa.

Na tafadhali, ijaribu nyumbani kwanza siku usiyo na kazi. Wapo wanaosinzia kidogo, wapo wanaolala kama gogo. Bora ulijue hilo ukiwa kitandani kwako kuliko stendi ya mabasi na mizigo yako miguuni.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya saa

Sinarizini kwa mtu mzima: miligramu 30, muda wa saa mbili kabla ya kuondoka. Boti ikitoka saa moja asubuhi, unameza saa kumi na moja alfajiri, yaani kwa wengi wetu ni karibu na sala ya Alfajiri, huwezi kusahau. Safari ikiwa ndefu, unaongeza miligramu 15 kila baada ya saa nane. Angalia kidonge chako ni cha miligramu ngapi, maana vipo vya 15 na vya 25, na "viwili" vya kimoja si "viwili" vya kingine.

Promethazini kwa mtu mzima: miligramu 25 usiku wa kuamkia safari. Inalaza zaidi kuliko sinarizini.

Dimenhidrineti: miligramu 50 hadi 100, nusu saa hadi saa nzima kabla. Inarudiwa kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi miligramu 400 kwa siku.

Ipo pia plasta ya haiosini inayobandikwa nyuma ya sikio, hasa kwa ndugu zetu walio Ulaya na Marekani. Hubandikwa saa kadhaa kabla na kukaa hadi siku tatu. Usiikate, usibandike mbili, na nawa mikono kwa sabuni baada ya kuishika. Kidole chenye dawa hiyo kikigusa jicho, mboni hupanuka na unaona ukungu.

Watoto dozi zao hupimwa kwa umri na uzito. Sinarizini haitolewi chini ya miaka mitano. Dawa ya maji ipimwe kwa kikombe au bomba lake lenye alama. Kijiko cha chai cha nyumbani kinadanganya.

Hatua ya 5: Ukiwa njiani

Botini kaa katikati, chini, utazame mstari bahari inapokutana na mbingu. Kwenye basi kaa mbele, hasa njia za kona kama Kitonga au ile ya Mombo kupanda Lushoto. Simu weka mfukoni. Kula kidogo kabla, mkate mkavu au ndizi, si supu ya mafuta. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu na haina ubaya.

Familia ikisafiri, mtu mzima mmoja asimeze dawa ya kulaza. Abaki macho na watoto, ajue majaketi ya kuokolea yako wapi. Hili silipunguzi hata kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo daktari. Nasafiri na mwanangu wa mwaka mmoja na nusu, basi la usiku Mombasa hadi Nairobi. Bibi yake anasema nimpe dawa ya maji ya promethazini alale asisumbue abiria. Nimpe kiasi gani?

Jibu: Marahaba mwanangu, mimi ni mfamasia. Usimpe hata tone. Promethazini hairuhusiwi chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kudhoofisha pumzi ya mtoto hadi ikakoma. Marekani waliweka onyo kali juu ya dawa hiyo mwaka 2004 baada ya vifo vya watoto. Tena watoto wa umri huo ni nadra kuchafuliwa na safari. Bibi mweleze kwa heshima, ana nia njema. Mtoto akilia, abiria watavumilia.

Swali: Mimi nikishuka bandari ya Mkoani, Pemba, nachukua pikipiki yangu hadi Chake. Kidonge kimoja tu kina shida gani?

Jibu: Kaka, kimoja kinatosha kukuangusha. Usingizi wa promethazini unaweza kudumu hadi kesho yake, na wakati mwingine mtu hajihisi kusinzia ila mikono yake imekuwa mizito. Siku hiyo panda daladala. Kama ni lazima uendeshe, safari ya boti fanya bila dawa: kaa katikati, tazama mbali, kula kidogo.

Swali: Baba yangu ana miaka 74 na tezi dume. Anataka kwenda Dar kwa boti.

Jibu: Dada, dawa hizi zinaweza kumfungia mkojo kabisa, na hiyo ni dharura ya hospitali. Kwa wazee huleta pia kuchanganyikiwa na kuanguka, hasa kwenye ngazi za boti. Muone daktari wake kwanza. Kama safari haina haraka, msubiri bahari itulie. Kati ya kusi na kaskazi kuna wiki ambazo maji yanalala kama kioo.

Swali: Mke wangu ni mjamzito miezi mitatu, tunapanda Lushoto.

Jibu: Sinarizini aiache. Promethazini na saiklizini zimetumika kwa wajawazito miaka mingi, lakini aamue na mkunga wa kliniki yake, si mimi wala wewe. Kama anatapika hata akiwa nyumbani, hashikilii maji, na mkojo umekuwa mchache na mweusi, msisafiri. Mpeleke hospitali kwanza.

Swali: Nilimeza, nikatapika baada ya dakika tano. Nimeze kingine?

Jibu: Usifululize. Kama kidonge hukukiona kikitoka, huenda bado kiko tumboni, na ukimeza kingine, tumbo likitulia vyote viwili vitaingia damuni kwa pamoja. Lala chali kichwa kisitikisike, fumba macho, nywa maji kwa funda ndogo ndogo. Kwa safari ya kurudi, weka kengele ya simu saa kumi na moja alfajiri.