Kuwatambua visubi wa majira ya baridi kwa kuvichunguza viungo vyao

Visubi wa majira ya baridi, yaani wadudu wa jenasi Trichocera katika familia ya Trichoceridae, huonekana wakicheza angani kwa makundi wakati wa mchana wenye jua, hata pale ambapo wadudu wengi wameshatoweka kwa baridi. Hawaumi mtu. Spishi zao zinafanana mno, kiasi kwamba picha ya mdudu mzima, hata iwe nzuri namna gani, mara nyingi haitoshi kumpa jina. Zinahitajika picha za karibu za viungo vichache vinavyojulikana.

Anza na kichwa, ukikitazama kutoka juu kwa lenzi inayokuza mara 10 au zaidi. Katikati ya macho makubwa mawili, tafuta macho madogo matatu yanayong'aa kama matone. Yakiwapo, umeshamtenga mdudu wako na jamaa zake wenye miguu mirefu wa familia za Tipulidae na Limoniidae, ambao hawana macho hayo.

Baada ya hapo litandaze bawa juu ya karatasi nyeupe na ulimulike kwa mwanga laini. Tazama mshipa wa mwisho kabisa wa upande wa nyuma, karibu na shina la bawa, ambao wataalamu huuita A2: kwa visubi hawa ni mfupi na hupinda ghafla kuelekea ukingoni, ilhali kwa wale wa Tipulidae huwa mrefu zaidi na haupindi hivyo. Alama hizi mbili, macho madogo na mshipa uliopinda, zikikubaliana, hakuna haja ya kuwa na shaka kuhusu familia.

Bawa hilohilo husaidia pia kuanza kutenganisha spishi. Trichocera maculipennis ana madoa kadhaa yanayoonekana wazi. Ndiye spishi iliyofika hadi Kisiwa cha King George huko Antaktika, ambako imekutwa katika mifumo ya majitaka ya vituo vya utafiti. Trichocera regelationis, aliyepewa jina na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758, kwa kawaida ana kivuli hafifu juu ya mshipa mdogo unaokatiza katikati ya bawa. Trichocera annulata hana madoa, lakini tumbo lake lina mistari ya rangi nyepesi na nyeusi inayopokezana. Jihadhari na mdudu aliyetoka kwenye bundo (hatua ya kati ya buu na mdudu kamili) muda mfupi uliopita, kwa kuwa rangi zake huwa hazijakolea, na kivuli kinachotarajiwa kinaweza kukosekana machoni.

Kwa spishi nyingine nyingi rangi hazisaidii, na hukumu hutolewa na ncha ya tumbo. Jike hutambulika kwa kiungo cha kutagia mayai kilichochongoka na kupinda kuelekea chini. Pima urefu wake na uangalie kiasi cha mpindo huo kwa picha ya ubavuni. Dume ana vibanio viwili, na hapo ndipo penye ushahidi bora kuliko mwingine wote. Kila kibanio kina kitako kinene na kidole kinachojikunja, nawe unapaswa kuona iwapo kidole hicho kina nundu upande wa ndani karibu na shina lake, kina unene gani, na jinsi vitako viwili vinavyoungana kwa chini. Piga picha kutoka juu, chini na ubavuni, kwa sababu nundu inayoonekana dhahiri upande mmoja hufichika kabisa upande mwingine.

Ikiwa picha hazionyeshi maumbo hayo, mhifadhi mdudu katika alkoholi ya asilimia 70, kisha ulainishe ncha ya tumbo katika mmumunyo wa potasiamu hidroksidi, ukivaa glavu na miwani kwa sababu kemikali hiyo huunguza, uisafishe kwa maji na kuitazama ndani ya glisarini kwa hadubini. Jike mwenye mabawa yasiyo na doa, ambaye kiungo chake cha kutagia hakikuonekana vizuri, mwandike Trichocera sp. tu, yaani Trichocera wa spishi isiyotambuliwa, na usilazimishe jina la spishi.