Kwa mtumbwi hadi Lufilyo unapoingia Ziwa Nyasa: namna ya kuwatazama viboko na ndege, na kukaa na wenyeji wa Matema

Juzi nimewasindikiza Matema binamu yangu na mkewe, wote wakazi wa Dodoma, na maswali yao yalikuwa yaleyale ninayopigiwa simu kila mara: tunaanzia wapi, tunapanda chombo gani, viboko hawatatupindua? Nayajibu hapa kwa mpangilio. Safari yenyewe ni asubuhi moja kwenye mto Lufilyo pamoja na siku mbili tatu kijijini, wilayani Kyela, pale Milima ya Livingstone inaposhuka ghafla hadi ukingoni mwa Ziwa Nyasa.

Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha panga siku za wiki

Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Kuanzia Machi hadi Mei tambarare yote hulowa, Lufilyo hujaa tope, na mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, hutampata mtu makini atakayekubali kukupeleka. Juni hadi Agosti jua linawaka, lakini kuna upepo wa mwera kutoka kusini. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na Matema ipo kwenye ncha yake ya kaskazini, kwa hiyo wimbi lililoanzia mbali hufika hapo likiwa limekomaa. Mimi huchagua Septemba na Oktoba.

Fika Alhamisi. Ijumaa alfajiri uende mtoni, Jumamosi uende soko la Lyulilo. Jumapili watu wako kanisani, na si vizuri kumshawishi mpiga kasia aache ibada kwa sababu wewe una basi la kuwahi.

Hatua ya 2: Kufika

Mbeya mjini panda basi la Kyela pale stendi ya Nane Nane, litapitia Tukuyu. Ukifika Kyela tafuta gari la Ipinda na Matema. Nyumba za kulala wageni zipo ufukweni, nyingine za kanisa. Matema pia kuna hospitali ya KKKT (Kanisa la Kilutheri); ulizia mapema ilipo.

Hatua ya 3: Tafuta mpiga kasia jioni, mwaloni

Usimtafute kwa simu, wala usikubali mtu anayekufuata stendi. Shuka mwaloni saa kumi na moja jioni, wavuvi wanapotengeneza nyavu. Salimia kwanza. Kiswahili kinatosha kabisa, ila ukimwambia mzee wa Kinyakyusa "Mugonile", kwa wingi wa heshima, na ukashukuru kwa "Ndaga fijo", mazungumzo yanachukua sura nyingine. Kaa kwenye gogo. Uliza habari za samaki: usipa wanapatikana wapi siku hizi, mbasa wameanza kupanda mtoni au bado. Habari za safari ziachie mwisho.

Waulize pia viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ni nani anayevua karibu na mto mara kwa mara, maana huyo ndiye unayemhitaji. Kijana hodari wa kasia ambaye huvua upande wa milimani tu hajui kiboko dume amehamia kona ipi wiki hii. Mtu anayetega nyavu zake karibu na Lufilyo anajua, kwa sababu nyavu zake ndizo zinazochanwa.

Nasisitiza hili kwa sababu katika nyanda hizi za juu wenyeji ndio waliotangulia kuijua misitu na mito. Kipunji, yule kima mwenye nywele zilizosimama utosini, wanasayansi walimwona mwaka 2003 kwenye msitu wa Mlima Rungwe baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa, wakamtangaza rasmi mwaka 2005. Wanakijiji walikuwa na jina lake zamani. Ukiwa na darubini nzuri bila mwenyeji, utaona maji na matete.

Mkubaliane bei mbele ya mtu wa tatu, na pesa umkabidhi mpiga kasia mwenyewe mkisharudi.

Kuhusu chombo: chagua mtumbwi mpana wa mbao wenye wapiga kasia wawili. Ule mwembamba wa gogo moja ni mzuri kwa mvuvi aliyezaliwa ndani yake. Mgeni akigeuka kupiga picha, unayumba. Boti la injini mimi silitaki kabisa mtoni. Linawashtua viboko, linawafukuza ndege, na kelele zake zinakunyima sauti ya kiboko anayepumua, sauti ambayo ni usalama wako.

Hatua ya 4: Vya kubeba

Darubini ya ukuzaji wa mara nane. Ya mara kumi na zaidi hutikisika mno mtumbwini. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, livaliwe tangu ufukweni. Kofia, maji ya kunywa, mfuko wa simu usiopitisha maji. Nguo nyeupe na nyekundu ziache chumbani.

Hatua ya 5: Mtoni

Hapa ndipo maelezo yanakuwa marefu, na naomba uyasome yote hata kama mpiga kasia wako ni mzoefu, kwa sababu abiria asiyejua kinachoendelea ndiye anayesimama wakati usiofaa.

Ondokeni kabla jua halijachomoza. Usiku viboko hutoka kula majani nchi kavu na kurudi majini alfajiri; mkifika na mwanga wa kwanza, wengi wameshaingia. Mkichelewa hadi saa tatu, upepo wa ziwani unaanza kuamka na kurudi kunakuwa kazi. Mkiwahi sana gizani, mnaweza kumkuta kiboko angali njiani kurudi, na hakuna mahali pabaya kama kuwa kati ya kiboko na maji yake. Kwa sababu hiyo pia msishuke ukingoni penye njia ya viboko. Utaitambua: mifereji miwili iliyokanyagwa sambamba, katikati majani yamebaki yamesimama.

Mkikaribia mto unapoingia ziwani, acheni kupiga kasia mkae kimya kwa muda. Sikilizeni. Kiboko akitoa pumzi husikika mbali kwenye maji tulivu. Tazameni mstari wa mapovu, tazameni wimbi dogo lenye umbo la ncha ya mshale lisilofuata upepo, tazameni yangeyange aliyesimama kwenye "jiwe" mahali ambapo mpiga kasia anasema hakuna jiwe.

Kisha mpiga kasia agonge ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kasia, mara chache, taratibu. Wageni wengi huona ajabu: si tutawaamsha? Ndiyo, na ndilo lengo. Kiboko anayejua mlipo huibua kichwa kuwatazama, nanyi mkajua alipo. Hatari ni yule ambaye hajui mpo hadi mtumbwi uko juu ya mgongo wake. Hesabuni vichwa kwa sauti ya chini na mkumbuke idadi. Vikipungua, subirini. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji kiasi cha dakika tano, kwa hiyo msipite alipozama eti kwa kuwa maji yametulia.

Kanuni ya wavuvi ni kuwaachia viboko maji ya kina. Kiboko akishtuka hukimbilia kina, na akikuta mtumbwi umeziba njia hiyo, hupita palepale mlipo. Kaeni upande wa maji mafupi karibu na ukingo, mradi ukingo huo hauna njia yao. Ila msijifiche kwenye kona za matete: jike mwenye ndama hujitenga huko, na yeye hatoi onyo la pili. Dume aliye peke yake mpeni nafasi kubwa kuliko kundi zima.

Kupiga mwayo ni onyo, hata kama picha yake inapendeza. Mkiona mwayo, au kichwa kinachotikiswa majini, rudini kinyumenyume polepole bila kugeuza ubavu wa mtumbwi. Kipimo changu ni mita hamsini, na siku ya upepo naongeza. Mpiga kasia akisema turudi, mnarudi. Hapo hakuna mjadala wala "picha moja tu".

Angalieni rangi ya maji pia. Mvua inaweza kunyesha milimani huku Matema jua kali. Maji yakianza kugeuka kahawia, magogo na majani yakishuka, geuzeni mtumbwi. Mkondo hubadilika haraka, na gogo linaloelea halitofautiani na mamba hadi liwe karibu.

Mamba wenyewe huonekana vizuri jua likishapanda kidogo, wanapotoka kuota kwenye michanga. Mdomo ulio wazi si hasira, anapunguza joto. Ila mkono usiingie majini, hata kunawa. Na msishuke kwenye mchanga huo kunyoosha miguu: kuelekea mwisho wa kiangazi majike huzika mayai mchangani na kukaa karibu kuyalinda kwa takribani miezi mitatu.

Mkishapata mahali salama, fungeni mtumbwi kwenye mti na mkae. Nusu saa ya kukaa hukuonyesha mengi kuliko saa mbili za kuzunguka. Mdiria mweusi na mweupe husimama hewani akipiga mbawa, kisha hujitupa majini wima. Furukombe huita kutoka juu ya mti mkavu kabla hujamwona. Fundichuma hujenga kiota kikubwa kiasi kwamba wageni hudhani ni mzigo wa kuni uliosahaulika juu ya mti. Mnana hufuma viota vyao kwenye matawi yanayoning'inia juu ya maji, ambako nyoka hupata taabu kufika. Mara nyingine upande wa ziwa mtaona moshi mweusi ukisimama juu ya maji: ni kungu, wadudu wadogo mno waliotoka majini kwa pamoja. Mwulize mpiga kasia namna wanavyokamatwa na kupikwa. Mwulize pia kuhusu nyavu, kuhusu mto ulivyohamisha njia zake. Simulizi hizi hupatikana mkiwa mmetulia. Ufukweni kila mtu ana kazi zake.

Hatua ya 6: Lyulilo na Ikombe

Jumamosi tembea kwa miguu ukifuata ufukwe hadi soko la Lyulilo. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi, na kutoka hapa husambaa hadi Mbeya na mbali zaidi. Fika mapema uone mitumbwi ikishushwa mzigo.

Ukiwa na siku ya ziada, panda mtumbwi hadi Ikombe kwenyewe. Pita kwa mwenyekiti ujitambulishe, kisha omba kukaa na mama anayefinyanga. Hafanyi kazi na gurudumu: anauzungusha udongo kwa mikono juu ya kibia, anauvuta kuta zikawa nyembamba, anausawazisha, anaupaka rangi nyekundu na mapambo meupe, na kuchoma hufanyika nje bila tanuri. Keti chini kama yeye alivyoketi. Kamera ibaki mfukoni hadi umeomba na umejibiwa, na ukikataliwa shukuru uendelee kutazama. Watoto usiwape pesa. Kama una kitu cha kutoa, mpe mwalimu au mwenyekiti.

Nunua. Bei usiikandamize, chungu hicho kimepita mikono, moto na ziwa. Chagua chungu kimoja kikubwa kuliko vidogo vingi, kijaze majani makavu ndani, kifunge kwa kanga, na kwenye basi ukipakate. Kwenye buti hakifiki Tukuyu.

Hatua ya 7: Ukirudi

Kyela ni bonde la joto na malaria ni nyingi. Homa yoyote ndani ya wiki zinazofuata ipimwe siku hiyohiyo. Kama uliingiza miguu kwenye maji yaliyotuama penye matete, huko ndiko waliko konokono wa kichocho. Usisubiri kuona damu kwenye mkojo. Ngoja kati ya wiki sita na nane, nenda kapime, na mweleze daktari kwamba ulikuwa Ziwa Nyasa. Dawa ni prazikwanteli, na hutolewa kulingana na uzito wako.