Sakulenti kwenye chombo kisicho na tundu: maji hupimwa kwa kijiko

Kikombe kilichovunjika mkono, bakuli la sukari, sufuria ndogo ya enameli kutoka Soko la Kibuye: vyote hivi hupendeza vikipandwa sakulenti, yaani mimea ya majani manene yanayohifadhi maji, ila havina pa kutolea maji. Yakishaingia, hubaki humo hadi mmea uyanywe au hewa iyakaushe. Kwa hiyo kipimo ndicho kila kitu.

Kabla ya kupanda, jaza chombo maji, kisha uyapime. Kikibeba mililita 240, usikipe zaidi ya 30 kwa mara moja, yaani vijiko viwili vikubwa. Hiyo ni sehemu moja ya nane.

Wengi hutandika kokoto chini wakitumaini maji yatajitenga huko. Hayajitengi. Udongo laini huyashikilia juu ya kokoto, na tope hupanda karibu zaidi na mizizi. Ni afadhali changarawe ichanganywe na udongo wote: kopo moja la udongo uliochekechwa kwa makopo mawili ya chembe ngumu, ukubwa wa kati ya punje ya mtama na ya ndengu. Walio Nakuru watumie yale mawe mepesi ya volkeno yanayoelea majini. Kisumu na Kakamega, ponda matofali ya kuchoma na uchekeche vumbi lote litoke. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Kano, karibu na Kisumu, uache shambani. Ukilowa huvimba na kung'ang'ania maji.

Anza na sakulenti kama Haworthia au sansevieria. Panda kwa udongo mkavu na usitie maji kwa siku tano hadi saba, ili mizizi iliyochubuka ipone.

Kabla ya kutia maji kila mara, chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini kabisa, ukiache dakika 10, kisha ukichomoe. Kikitoka na weusi wa unyevu au udongo umeganda kwenye ncha, subiri. Wakati wa masika hata wiki tatu zinaweza kupita. Chombo kisikae barazani mvua inakofika, maana mvua moja ya jioni ya Kisumu hukijaza pomoni. Ukizidisha maji, zuia udongo kwa kiganja, inamisha chombo yamwagike, kisha ukilaze ubavu kwa saa moja.

Majani yakikunjamana, usikimbilie maji. Kijiti kikiwa kikavu, hiyo ni kiu. Kikiwa na unyevu, mizizi imeoza na haiwezi tena kunywa. Jani la uozo huwa kama limejaa maji, la manjano, na huanguka likiguswa tu. Kwa mmea wenye shina, kata juu ya weusi mpaka uone nyama safi, kausha kivulini siku nne, upande upya.

Tumia maji ya mvua yaliyotegwa kwenye mabati ukiweza. Maji ya kisima yana chumvi, nazo bila tundu hazina pa kwenda. Ndizo ule ukoko mweupe juu ya udongo. Badilisha udongo wote kila mwaka.