Kabla ya Kubandika Vigae: Kagua Sakafu ya Chini

Kigae kinacholia kama debe tupu ukikigonga, mara nyingi hakina kosa. Kosa liko chini yake: vumbi, unyevu, au bonde lililofukiwa kwa gundi.

Anza na unyevu, maana Dar es Salaam ndio unaoharibu kazi nyingi. Jamvi jipya, yaani zege la sakafu ya chini, lipe siku 28, na wakati wa masika liongezee. Kisha tandaza kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa soletepu, kiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake au zege limegeuka jeusi, usibandike. Jamvi jipya litakauka. La zamani lisilo na nailoni chini, hasa nyumba za bonde la Msimbazi au karibu na bahari, litanyonya maji ya ardhini miaka yote, na ule unga mweupe kwenye maungio ni chumvi inayopandishwa na maji hayo. Hapo hakuna gundi ya kuokoa: tandika nailoni nzito, umwage sakafu mpya ya sentimita 5 au zaidi, kwa kuwa haitashikana na jamvi.

Kisha nyunyiza maji. Yakisimama kama matone juu ya jani la mgomba, kuna rangi au mafuta. Sakafu za zamani zilizopakwa rangi nyekundu ndivyo zilivyo. Tindua eneo lote kwa tindo, ufagie, uondoe vumbi kwa kitambaa kibichi.

Laza rula ya alumini ya mita 2 kila upande. Mwanya ukizidi milimita 3, sawazisha kwanza. Gundi nene husinyaa ikikauka, ikavuta kona ya kigae chini. Kwa vigae vya 60 kwa 60 utaiona kila ukipita. Mabonde makubwa yajaze kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 na ndoo saba za lita 20 za mchanga wa mto, kamwe si wa baharini. Lowesha zege, paka niru (uji wa saruji na maji), mwaga mchanganyiko kabla niru haijakauka, kisha mwagilia siku 7.

Bafuni, mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Paka dawa ya kuzuia maji mara mbili, ipande ukutani, kisha ziba tundu, jaza maji, weka alama ya usawa wake, subiri saa 24 uone kama yanapungua.

Mwisho, pima chini ya milango: gundi na kigae vitapandisha sakafu karibu milimita 15.